Karatasi ya "usinichukulie wateja" ina nguvu gani?

Karatasi aliyoitoa mfukoni ilikuwa imechanwa kwenye kauntabuku na kukunjwa mara nne. Ilikuwa na sahihi mbili, dole gumba la shahidi na muhuri wa wakili. Aliyeileta dawatini kwetu, tunakotoa ushauri wa sheria, ni fundi umeme wa Dar es Salaam. Mwenzake ni fundi AC. Kwa miaka miwili walikuwa wakirushiana kazi: huyu akiitwa kufunga nyaya kwenye nyumba mpya, mwenye nyumba akiulizia AC, anatajiwa namba ya yule. Kazi ikilipwa, kinatoka cha juu.

Ili wasigeukane, mbali na ahadi ya kulipana cha juu, waliandikiana hivi: "Fundi AC hatafanya kazi ya umeme popote Dar es Salaam kwa miaka mitano. Akikiuka atalipa shilingi milioni tano." Sasa yule bwana amefunga nyaya nyumba nzima, tena kwa mteja aliyeletewa. Fundi umeme anataka milioni zake.

Jibu halikumfurahisha. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 27, inasema makubaliano yanayomzuia mtu kufanya kazi au biashara halali ni batili kwa kadiri ya zuio hilo. Muhuri wa wakili hauyafufui. Na zuio likishakuwa batili, faini iliyoning'inizwa juu yake haina pa kushika.

Zingatieni maneno "kwa kadiri ya zuio hilo". Karatasi nzima haifi. Kinachokufa ni sentensi ya kumkataza mtu kazi. Ahadi ya kulipana cha juu inabaki na inadaika.

Sheria hiyo ina milango miwili ya kutokea. Wa kwanza ni wa mtu anayeuza biashara yake pamoja na sifa na wateja wake: anaweza kukubali asifungue nyingine ya aina hiyohiyo jirani na aliyemuuzia, mradi mipaka iwe ya haki. Fikra hii ni ya zamani. Mwaka 1711 mahakama ya Uingereza ilimbana mwoka mikate wa London aliyempangisha mwenzake tanuri kwa miaka mitano, akaahidi kutooka katika parokia ya eneo hilo kwa muda huo, kisha akaoka. Mahakama iliona ahadi ile ni ya haki kwa sababu ilikuwa na eneo dogo, muda unaojulikana na malipo yaliyotolewa kwa ajili yake.

Mlango wa pili ni wa wabia. Hapa watu wengi hujidanganya. "Sisi ni kama wabia," huniambia. Ubia ni kuendesha biashara moja kwa pamoja kwa ajili ya faida. Kupokea cha juu kwa kumtajia mteja namba ya simu hakukufanyi mbia wa mtu.

Wenye kazi Kenya wasilichukue jibu hili kama lilivyo. Huko, Sura ya 24, sheria ya mikataba inayozuia biashara, inasema zuio halifi kwa sababu tu ni zuio. Mahakama Kuu ndiyo hupima kama muda, eneo na aina ya kazi vimepita kiasi, au kama umma unaumia.

Sasa waandike nini? Mimi huwaambia waache kabisa kuandika "usifanye", waandike "utanilipa". Kwa mfano: "Kwa kila kazi itakayotokana na mteja aliyeletwa na A, iwe ya AC au ya umeme, B atamlipa A asilimia 10 ya pesa ya ufundi, bila kuhesabu vifaa, ndani ya siku 3 baada ya kulipwa. Mteja huyo akimwita tena B ndani ya miezi 12, asilimia 5." Hapo hujamfungia mtu riziki. Umetengeneza deni, na deni la mkataba linapelekwa Mahakama ya Mwanzo bila mbwembwe.

Kisha siku ya kumrusha mteja, tuma ujumbe: jina la mtaa, kazi gani, tarehe. Ujumbe wa simu unakubalika kama ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015. Na mwombe mteja ruhusa kabla ya kutoa namba yake. Ni namba yake, si yako.

Onyo moja kwa mafundi wa kazi moja: msije mkapanga bei, au nani ashinde zabuni ipi, mkaita ni "kupeana wateja". Hilo Sheria ya Ushindani ya 2003 imelipiga marufuku hata kwa wadogo.

Tulipopekua simu ya fundi wetu tulikuta ujumbe wa wateja wawili aliowarusha, na majibu ya mwenzake: "Nimemaliza boss, wamelipa, nakutumia kesho." Kesho haikufika. Milioni tano tukaziweka kando, tukaandika barua ya madai ya cha juu cha kazi hizo mbili.