JWTZ na Zanzibar: yanayosemwa na yaliyokuwa

"JWTZ (Jeshi la Wananchi wa Tanzania) ni Tanganyika Rifles iliyobadilishwa jina." Iliyobadilishwa jina ni hiyo Tanganyika Rifles: hadi uhuru wa 1961 ilikuwa sehemu ya King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, na hata baadaye wakuu wake walibaki Waingereza. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam (leo Lugalo), waliasi wakidai mishahara bora na maofisa Waafrika. Kambi ya Tabora nayo ikaasi. Tarehe 25 makomando wa Kiingereza walishuka kwa helikopta kutoka manowari ya Centaur, wakawanyang'anya silaha. Mwalimu Nyerere akalivunja jeshi lile. Askari wa Nigeria waliletwa kushika ulinzi huku vijana wapya, wengi kutoka Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala, wakifunzwa. Wa zamani waliobakishwa walikuwa wachache, Mrisho Sarakikya akiwa mmojawapo. Ndiye aliyekuwa mkuu wa kwanza wa JWTZ, iliyoundwa Septemba 1, 1964. Anayesema jeshi lilizaliwa na Muungano, Aprili 26, amewahi kwa miezi minne: siku ile ulinzi uliandikwa tu miongoni mwa mambo 11 ya Muungano.

"Mapinduzi ya Zanzibar yalifanywa na jeshi." Jeshi lipi? Zanzibar ilipata uhuru Desemba 10, 1963 ikiwa na polisi tu. Ndiyo maana usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 yalilengwa maghala ya silaha ya polisi, Ziwani na Mtoni. Waliovamia Ziwani wengi walikuwa na mapanga, marungu na pinde. Bunduki walizikuta humo humo. Jeshi la Ukombozi liliundwa baada ya Mapinduzi, likaja kuingizwa JWTZ.

"Maasi ya Colito yalipangwa Unguja." Ni kweli yalifuata Mapinduzi kwa siku nane, na polisi wa bara waliokuwa wamepelekwa Unguja walipunguza ulinzi wa Dar es Salaam. Lakini kinyongo cha mshahara na vyeo kilikuwa cha kambini, tena cha siku nyingi.

"KMKM na JKU ndiyo jeshi la Zanzibar." Magwanda na gwaride za KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) na JKU (Jeshi la Kujenga Uchumi) huwachanganya wengi. Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 121, inaviita vikosi hivyo Idara Maalum, pamoja na Chuo cha Mafunzo (magereza). Boti ya KMKM inayoikimbiza mashua ya karafuu za magendo nje ya Pemba iko kazini kwa Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar (SMZ). Vita ni ya JWTZ, yenye kambi zake Unguja na Pemba, na Amiri Jeshi Mkuu wake ni Rais wa Muungano.