Vidonge vya presha: dhana potofu na ukweli wake

"Vidonge vya presha ni vilevile, vyako vikiisha, azima kwa jirani."
Si kweli. Amlodipini hulegeza kuta za mishipa ya damu. Enalapril na kaptopril huzuia kutengenezwa kwa homoni inayoibana mishipa hiyo; losartani huiacha itengenezwe, ila huizuia isifanye kazi. Haidroklorothayazaidi hutoa chumvi na maji kwa mkojo, na atenololi hupunguza kasi ya moyo. Mwenye pumu akiazima atenololi anaweza kubanwa na kifua. Mjamzito akipewa losartani au enalapril, figo za mtoto tumboni zinaweza kuharibika. Yeye hupewa methildopa au nifedipini inayofanya kazi polepole.

"Miguu ikivimba, dawa imeshaua figo."
Amlodipini, hasa ya miligramu 10, hufanya maji yavuje kutoka mishipa midogo ya miguuni. Ndiyo maana kuongeza dawa ya kukojoza mara nyingi hakusaidii. Daktari anaweza kushusha hadi miligramu 5 na kuongeza losartani. Ila ukivimba uso au pumzi zikikata, wahi hospitali.

"Kikohozi hiki ni vumbi tu."
Kikohozi kikavu kwa anayemeza enalapril mara nyingi kinatokana na kidonge chenyewe, na dawa ya kifua haitakitibu. Akibadilishiwa losartani, kwa kawaida huisha ndani ya wiki chache. Midomo au ulimi ukivimba, acha enalapril papo hapo, nenda hospitali, na usiirudie tena.

"Kuandikiwa aina mbili ni dalili kwamba ugonjwa umekomaa."
Hapana. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, uliofanyika katika nchi sita za Afrika, Kenya na Msumbiji zikiwemo, ulionyesha kuwa amlodipini ikiunganishwa na haidroklorothayazaidi au perindopril (ya kundi moja na enalapril) hushusha presha zaidi kuliko hizo mbili bila amlodipini. Enalapril na losartani, hata hivyo, zisimezwe pamoja: potasiamu hupanda na figo huumia.

"Diklofenaki ni ya mgongo, haihusiani na presha."
Msimu wa korosho, Newala hadi Nachingwea, kusini mwa Tanzania, watu huinama mashambani kutwa na jioni hupitia duka la dawa kununua dawa hii ya maumivu. Diklofenaki hupandisha presha. Ikikutana na enalapril na dawa ya kukojoza, tena mwili ukiwa umekaukiwa maji kwa jua, figo zinaweza kufeli. Kwa maumivu ya mgongo, omba parasetamoli, na mtaje muuzaji vidonge vyote unavyomeza.

"Presha imeshuka, naacha."
Imeshuka kwa sababu unameza. Atenololi ni hatari hasa kuikata ghafla, kwani moyo huweza kwenda mbio na presha kuruka; daktari huipunguza taratibu kwa wiki moja hadi mbili.