Dawa ya titi, kipimo cha moyo

Akina mama wanaoletwa kwangu kutoka kliniki ya saratani huniuliza kabla hata sijawapaka kifuani jeli ya eko, kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti: "Daktari, mimi naumwa titi, moyo unaingiaje hapa?" Wana haki ya kuuliza.

Seli hupeana amri kwa kemikali. Zipo homoni zinazosafiri na damu kutoka mbali, na vipo vichochezi vya ukuaji vinavyotolewa na seli jirani. Vyote hunasa kwenye vipokezi vya seli, na kimojawapo ni HER2. Katika saratani za matiti kama 15 hadi 20 kati ya kila 100, HER2 huwa imezidi mno, na seli hugawanyika bila kukoma. Trastuzumabu, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Herceptin, iliidhinishwa Marekani mwaka 1998 ili kukizuia kipokezi hicho. Imeokoa wengi, nalisema hili mapema ili asiwepo atakayesoma hapa akaikimbia.

Lakini moyo nao unaihitaji HER2, tena kwa shughuli nyingine kabisa. Seli za misuli ya moyo wa mtu mzima karibu hazigawanyiki tena, kwa hiyo hazina budi kujitunza. Utando wa ndani wa mishipa midogo ya moyo hutoa kichochezi kiitwacho nyuregulini. Hiki hunasa kwenye kipokezi cha HER4, HER4 ikashikana na HER2, na ndani ya seli ikaamka kazi ya kujilinda isife na kukarabati nyuzi zinazojikaza. Mwaka 2002 watafiti waliondoa HER2 kwenye misuli ya moyo ya panya: walizaliwa wazima, kisha mioyo yao ikatanuka na kulegea.

Kwa binadamu onyo lilikuwa limeshatoka. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2001, wagonjwa 27 kati ya 100 waliopewa trastuzumabu pamoja na dawa za saratani za jamii ya doksorubisini walipata hitilafu ya moyo. Waliopewa dawa hizo bila trastuzumabu walikuwa 8. Doksorubisini, ile dripu nyekundu inayobadilisha hata rangi ya mkojo, huijeruhi seli ya moyo, na trastuzumabu huinyima njia ya kujitibu. Ndiyo maana siku hizi kwa kawaida hazitolewi kwa wakati mmoja.

Madhara ya dawa hizi mbili hayafanani. Jeraha la doksorubisini mara nyingi huacha kovu la kudumu. La trastuzumabu, mara nyingi seli hazifi, zinalegea tu. Dawa ikisimamishwa na moyo ukatibiwa, nguvu hurudi baada ya wiki au miezi.

Kwa hiyo nasisitiza eko kabla ya dripu ya kwanza, kisha kila baada ya miezi mitatu. Usingoje miguu ivimbe au uishiwe pumzi ukilala chali. Kabla ya hapo moyo unaweza kuwa umeshapungua nguvu kimyakimya. Na tunza karatasi zako zote za majibu, uje nazo. Nikikuta moyo unasukuma asilimia 52 ya damu iliyojaa chumba cha kushoto, peke yake tarakimu hiyo hainitoshi. Kama mwanzo ilikuwa 54, tunaendelea. Kama ilikuwa 66, siku hiyo hiyo nampigia simu daktari wako wa saratani.