Ukanda wa hewa safi: maana yake na unavyofanya kazi

Ukanda wa hewa safi ni eneo la mji lililowekewa mpaka, ambamo magari yenye injini zinazotoa moshi mchafu kupita kiwango kilichowekwa ama huzuiwa kuingia ama hutozwa fedha. Berlin ilishika njia ya kwanza: tangu mwaka 2010 gari lisilo na stika ya kijani kwenye kioo cha mbele haliruhusiwi kuingia katikati ya mji, isipokuwa lenye kibali maalumu. London ilichagua tozo.

Ukanda wa London, unaofahamika kwa jina la ULEZ, ulianza tarehe 8 Aprili 2019 katikati ya jiji, ukapanuliwa Oktoba 2021, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 umeenea jiji zima, baada ya halmashauri tano zilizopinga upanuzi huo kushindwa mahakamani. Hakuna geti wala kizuizi. Kamera husoma namba za gari, zikalinganishwa na kumbukumbu za usajili, na mwenye gari lisilofikia kiwango hudaiwa pauni 12.50 kwa siku. Siku huhesabiwa kuanzia saa sita usiku hadi saa sita usiku, kwa hiyo anayeingia saa tano usiku na kuondoka saa saba hudaiwa mara mbili, ilhali gari lililoegeshwa kutwa bila kuendeshwa halidaiwi kitu.

Kinachoangaliwa hasa ni injini, wala si umri wa gari peke yake. Gari la petroli linatakiwa kufikia kiwango cha Ulaya kiitwacho Euro 4, kilichoanza kutumika katikati ya miaka ya 2000, na la dizeli Euro 6, kilichokuja takriban miaka kumi baadaye. Ndiyo maana gari la petroli la mwaka 2007 kwa kawaida hupita bure huku la dizeli la mwaka 2012 likidaiwa. Wenye dizeli hulalamika, na malalamiko yao yana msingi, maana tangu mwaka 2001 kodi ya magari nchini Uingereza ilipangwa kwa kufuata kiasi cha kaboni dayoksaidi, na hapo dizeli ilipata nafuu. Tatizo la hewa ya mjini, hata hivyo, ni gesi nyingine: naitrojeni dayoksaidi, ambayo injini za dizeli za zamani huitoa kwa wingi, nayo huchokoza njia za hewa na kuwazidishia taabu wenye pumu.

Tozo hii isichanganywe na ile ya msongamano, iliyoanza London mwaka 2003. Ile inakusudia kupunguza idadi ya magari, hii inakusudia kubadilisha aina yake, na gari chakavu likiingia katikati ya jiji wakati tozo zote mbili zinatumika, hulipiwa zote mbili. Kadiri wenye magari wanavyobadilisha magari yao, ndivyo mapato ya ukanda yanavyopungua. Kwa hiyo anayeutegemea kama chanzo cha kudumu cha fedha atakuwa amekosea hesabu.

Udhaifu mkubwa wa ukanda huu uko kwenye chembechembe ndogo mno ziitwazo PM2.5, ambazo hutoka pia kwenye matairi na breki, hata za gari la umeme. Nyingine hutoka kwenye majiko ya kuni majumbani, na nyingine huletwa na upepo kutoka mbali. Hizo huhitaji hatua tofauti, zikiwemo kanuni za majiko, makubaliano na maeneo jirani, na usafiri wa umma wa kutosha kumfanya mtu aliache gari lake nyumbani.