Dramu au diski: breki ya nyuma kwenye pikipiki za zamani

Mtu akiniuliza breki ya dramu ni nini huwa namwambia achuchumae nyuma ya pikipiki yake aangalie katikati ya tairi. Ukiona bakuli la aluminiamu limefunikwa, ndani huoni kitu, na pembeni kuna kimkono kinachovutwa na fimbo ndefu kutoka kwenye pedeli, hiyo ni dramu. Ukiona sahani ya chuma iko wazi, kuna kitu kama ngumi kimeibana sehemu moja na mpira wa mafuta unaingia hapo, hiyo ni diski. Watu wengi wanaishia hapo alafu wanakwambia diski ni ya kisasa, dramu ni ya kizamani, na hapo ndo mi huwa nabisha. Kwa tairi la nyuma lakini, mbele ni habari nyingine kabisa.

Ndani ya lile bakuli kuna brekishuu mbili zimetazamana kama miezi miandamo. Upande mmoja zimeegemea pini, upande wa pili katikati yao kuna kamu, kipande cha chuma kilichobapa. Ukikanyaga pedeli fimbo inavuta kimkono, kimkono kinageuza kamu, kamu ikijigeuza inazitanua zile shuu zinabana ukuta wa ndani wa bakuli ambalo linazunguka pamoja na tairi. Basi, hakuna mafuta hakuna pampu, ni vyuma na springi za kurudisha tu. Utamu uko kwenye shuu ya kutangulia, yaani ile ambayo mzunguko wa tairi unaanza kuigusa upande wa kamu, kwa sababu dramu yenyewe inaiburuta ijikaze zaidi, unapata nguvu ambayo mguu wako haujaitoa. Mwenzake anasukumwa arudi ndani, kwa hiyo kazi yake ni ndogo. Ndo maana ukifungua unaweza kukuta shuu moja imeliwa kuliko nyingine na fundi anaanza kukutisha kwamba kuna kitu kimepinda, hamna kitu, ndivyo ilivyo.

Diski inatumia mafuta ya breki. Pedeli inasukuma pistoni ndogo kwenye masta silinda, ndo pampu yenyewe, mafuta yanasukuma pistoni ya kwenye kalipa, yaani ile ngumi, pedi zilizo ndani yake zinabana sahani. Haijikazi yenyewe, unachokanyaga ndo unachopata, na kwa hilo ni rahisi kuipima kwa mguu.

Sasa angalia wenye viwanda walifanya nini. Honda CB750 ilipotoka 1969 watu walishangaa diski yake ya mbele, lakini nyuma ilikuwa na dramu. Kawasaki Z1 ya 1972, pikipiki ya injini ya cc 900, hivyo hivyo, mbele diski nyuma dramu. Honda Gold Wing ya 1975 ndo ilikuja na diski mpaka nyuma, na lile ni dude zito la kubeba watu wawili na mabegi safari ndefu. Huku chini kwenye pikipiki za kazi, Honda CG125 ya 1976 ilikuwa dramu mbele na nyuma, Yamaha AG100 nayo dramu kote, na yeyote aliyekulia kijijini anamkumbuka bwana shamba au mganga wa zahanati akipita na pikipiki za namna ile kwenye njia ambayo hata baiskeli inalalamika.

Sababu yenyewe ni uzito. Ukifunga breki kwa nguvu mwili na pikipiki vyote vinaenda mbele, foki za mbele zinazama, tairi la nyuma linabaki jepesi. Breki ya mbele inabeba sehemu kubwa ya kazi na ya nyuma inabaki kusaidia. Tairi jepesi ukilibana sana halikusimamishi, linaselereka tu. Kwa hiyo kuweka diski kali nyuma kwenye pikipiki ya kilo mia na kitu ni kununua nguvu ambayo lami haiwezi kuipokea. Hapo naongelea dereva peke yake jamani, ukipakia abiria wawili na gunia la mkaa uzito unakaa nyuma na breki ya nyuma inaanza kufanya kazi ya kweli, na hapo dramu inaonyesha udhaifu wake.

Udhaifu wenyewe ni joto. Chukua ile barabara ya kushuka Lushoto kwenda Mombo, kona juu ya kona. Ukikaa na mguu kwenye pedeli muda wote bakuli linapata moto, na chuma kikipata moto kinatanuka, kwa hiyo ukuta unazikimbia shuu, pedeli inazidi kushuka chini na breki inazidi kuwa laini. Diski ikipata moto inanenepa kuelekea kwenye pedi, na inapigwa upepo maana iko wazi. Ila nayo ina ugonjwa wake, mafuta ya breki yananyonya unyevu, yakikaa miaka mingi bila kubadilishwa yanachemka mapema, yanatoa mapovu, unakanyaga hewa. Kwa pikipiki za tustroki, zile zinazochoma oili pamoja na petroli, kama hiyo AG100, mteremko kama huo ni mbaya zaidi kwa sababu injini yenyewe haizuii sana ukiachia moto, kwa hiyo breki ndo zinabeba kila kitu.

Mi joto la dramu nililijua kwa uzembe wangu mwenyewe. Nilikaza cheni asubuhi, nikalegeza nati ya ekseli, nikavuta tairi nyuma kidogo, nikafunga, nikaondoka. Kama kilomita sita hivi naona pikipiki nzito, nadhani upepo, nikisimama nasikia harufu kama ya plastiki inaungua na nikilitemea mate lile bakuli yanachemka palepale. Kumbe ukivuta tairi nyuma, nafasi kati ya pedeli na kimkono inaongezeka, fimbo inajikaza yenyewe na shuu zinabaki zimegusa safari nzima. Ukimaliza cheni lazima urudi kwenye ile nati ya mwisho wa fimbo uilegeze mpaka pedeli iwe na mchezo wa sentimita mbili au tatu na tairi lizunguke bure. Diski haina shida hiyo.

Kwenye mvua na tope zinagawana ushindi. Diski ikilowa inajipangusa yenyewe baada ya mizunguko michache, japo zile diski za chuma kisichoshika kutu za Wajapani miaka ya 70 zilikuwa na sifa mbaya kwenye mvua, unabana halafu unasubiri. Dramu haiingiwi na maji kirahisi lakini ukivuka mto yakaingia inachukua muda kukauka. Kwenye mchanga na tope naipa dramu ushindi, pedi za diski zinasagwa kama zimepigwa msasa.

Kwenye pikipiki yenye miaka thelathini tofauti kubwa inakuwa kwenye nani alikuwa anaitunza. Dramu ya zamani inaugua magonjwa ya wazi: kamu kavu haijapakwa grisi inakwama, shuu zimeng'aa kama kioo, au gundi iliyoshika ile bitana ya shuu, yaani sehemu inayosugua, imezeeka na siku moja inabanduka ndani na kufunga tairi ukiwa mwendoni, hiyo ndo naiogopa. Diski ya zamani inaugua kimyakimya. Pistoni ya kalipa inashika kutu, au mpira wa mafuta unavimba kwa ndani, ukikanyaga mafuta yanapita ila kurudi yanagoma, breki inabaki imebana na kwa nje mpira unaonekana mzima kabisa.

Kwa hiyo ukienda kununua ya dramu angalia kile kimshale kwenye kimkono, mwambie muuzaji akanyage breki, kimshale kikifika au kupita alama kwenye kifuniko cha bakuli ujue shuu zimekwisha. Ukifungua soma maandishi ndani ya bakuli, nyingi zimeandikwa kipenyo cha mwisho, ya milimita 110 kwa kawaida mwisho wake ni 111. Vumbi la humo usilipulize na kompresa, shuu za zamani zilikuwa na asbesto, futa na kitambaa kilicholowa. Alafu shika ile fimbo bapa inayounganisha kifuniko cha breki na foki ya nyuma, itikise, hakikisha bolti zote mbili zina pini zake. Hiyo ikichomoka siku unabana breki, kifuniko chote kinazunguka na tairi na fimbo ya pedeli inajisokota kama waya.