Hakuna dawa ya popo, na Januari siyo mwezi wa kuziba tundu

Juzi usiku nilipigiwa simu na mama mmoja wa Chuno, hapa Mtwara. Tulipomaliza salamu akasema: "Fundi, hela ya korosho imeingia. Njoo na dawa ya popo na saruji ya kuzibia, tumalize kesho mchana wakiwa wamelala." Tangu Desemba hiyo ni simu ya tano yenye maneno yaleyale: dawa, kuziba, mchana. Nimechoka kuyajibu moja moja, kwa hiyo nayaandika hapa.

Dawa ya popo haipo. Sisemi kwamba ni ghali au imeadimika. Haipo. Vidonge vya nafthalini vinavyowekwa kabatini havimsumbui popo mpaka uvimwage kwa wingi, na kiasi hicho kitamdhuru kwanza mtoto anayelala chini ya dari. Vile vidude vya kuchomeka kwenye umeme, wanavyosema vinatoa sauti ya kufukuza popo, nimevikuta mara mbili juu ya dari vikiwa vimefunikwa kinyesi kibichi. Moshi wa pilipili unawasogeza ndani zaidi kwenye migongo ya bati, nawe umewasha moto chini ya kenchi, mbao za paa zilizokauka miaka ishirini.

Halafu kuna salfa. Sisi watu wa kusini tuna salfa ndani kama wengine walivyo na chumvi, maana bila salfa ugonjwa wa ubwiriunga unamaliza maua ya mikorosho. Mwaka juzi kijana mmoja alichukua bomba la kupulizia mikorosho, akalipandisha kwenye dari ya nyumba ya baba yake na kupuliza salfa iliyobaki msimu. Nilifika jioni. Baba mtu alikuwa kakaa barazani, macho mekundu, anakohoa, na unga wa njano ulikuwa unashuka kwenye matundu ya taa mpaka kwenye vyombo. Popo walikuwepo. Walihama upande mmoja wa nyumba wakaenda upande wa pili, basi. Salfa ni ya mikorosho. Kila kiuatilifu kina matumizi ambayo kimesajiliwa kwayo, na kukipuliza juu ya vichwa vya watu ni kosa hata kama hakuna aliyelazwa.

Na popo ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kuua wala kukamata mnyamapori bila kibali kwa sababu tu yuko juu ya dari yake. Mwenye kundi kubwa aanze kwa afisa wanyamapori wa halmashauri. Mimi sikamati wala siui. Natoa njia ya kutoka, halafu nafunga njia ya kurudi. Kazi yangu yote ni hiyo.

Sasa tuje kwenye kuziba, ambako ndiko hasira yangu iliko.

Minada ya korosho inaanza Oktoba. Hela inawafikia wakulima Novemba, Desemba, wengine Januari. Hapo ndipo watu wanapobadilisha bati, wanapopiga rangi, wanapomkumbuka fundi wa popo. Mvua zetu nazo ni za msimu mmoja, zinaanza Novemba au Desemba mpaka Aprili au Mei. Mvua ikinyesha wadudu wanajaa, na wadudu wakijaa popo wanazaa. Kwa hiyo hela ya kuziba inaingia mfukoni wakati uleule dari imejaa watoto. Kwa miaka yangu yote ya kazi hii sijaona jambo linaloharibu nyumba nyingi kuliko kukutana kwa hayo mawili.

Popo jike anazaa mtoto mmoja kwa kawaida. Mtoto huyo hana manyoya, haruki, na kwa wiki kadhaa ananing'inia kwenye papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, akimsubiri mama arudi na maziwa. Ukiziba usiku mama wakiwa nje, watoto wanabaki ndani na kufa kwa njaa. Ukiziba mchana, kama alivyotaka mama wa Chuno, umewafungia wote. Wakubwa watatafuta upenyo popote: tundu la waya wa taa, kifuniko cha dari kilichopinda, mwanya wa juu ya fremu ya mlango. Watashuka sebuleni. Wasioshuka watafia humohumo.

Niliitwa nyumba moja Shangani, Februari, siku nne baada ya fundi mwingine kuziba kwa saruji na povu. Mlangoni tu harufu ilinirudisha nyuma. Dari ilikuwa na mabaka ya kahawia yenye unyevu, na nilipogonga ubao mmoja wakaanguka funza. Nilipanda na tochi. Kwenye kona ya fisha bodi, ubao wa ukingo wa paa, pale tundu la zamani lilipokuwa, walikuwa wamerundikana popo wakubwa, vichwa vyote vimeelekea kwenye saruji. Nyuma yao, kwenye papi, watoto walikuwa bado wameshikilia mbao kwa kucha, wamekauka. Familia ililala kwa ndugu wiki mbili. Tulitoa dari ya vyumba viwili vyote. Gharama ilizidi mara kadhaa ile ya kusubiri mpaka Juni.

Kwa hiyo kazi ninaifanya Juni mpaka Septemba, na hivi ndivyo inavyokwenda.

Kwanza nakaa nje nikitazama. Siangalii bati, naangalia mbingu nyuma ya bati. Hapa Mtwara jua linazama baada ya saa 12 jioni, na azana ya magharibi ikishaanza wa kwanza wanachomoka. Natazama siku mbili, kila mtu upande wake wa nyumba. Tundu lenyewe utalijua kwa weusi wa mafuta ya miili yao ukingoni na kinyesi ukutani chini yake. Popo wetu wa darini, yule mwenye mkia unaochomoza, ana uzito wa gramu 10 hivi. Mwanya unaoingia kidole unamtosha. Kofia ya bati, ile inayofunika kilele cha paa, ikinyanyuka ni lango kwake.

Halafu naziba matundu yote wasiyoyatumia, na kuacha yale ya kutokea. Juu ya hayo nafunga wavu wa matundu madogo, ule wa dagaa unafaa sana. Nakaza juu na pembeni, chini nauacha wazi, ukining'inia nusu mita kuvuka tundu. Popo akitoka anateremka na wavu mpaka chini, anaruka. Akirudi anaifuata harufu ya tundu, anatua juu ya wavu, haingii. Pengine natumia kipande cha bomba la plastiki la inchi 2, kimeinamishwa chini: kwa utelezi wake, kutoka anaweza, kupanda hawezi. Wavu unakaa usiku 7. Zikipita jioni mbili mfululizo bila hata mmoja kutoka, napanda kukagua kwa tochi, ndipo naziba. Majengo ya zamani ya Mikindani, yale ya mawe ya matumbawe, yazibwe kwa chokaa. Saruji inafungia unyevu ukutani, na jengo la kale haliguswi kabla ya kuwaona watu wa Mambo ya Kale.

Kinyesi. Cha panya ni kigumu. Cha popo ukikibonyeza kwa kijiti kinasagika, na ndani yake utaona vipande vya mabawa ya wadudu viking'aa. Usikifagie kikavu hata siku moja. Kuna kuvu inayoota humo, vumbi lake likiingia mapafuni linaleta ugonjwa mbaya. Lowesha kwa maji ya sabuni, vaa barakoa na glovu, zoa kwa koleo, weka kwenye mifuko.

Tangu ugonjwa wa virusi vya Marburg ulipotangazwa Kagera Machi 2023, na tena Januari 2025, kila popo ameitwa Marburg. Popo anayehusishwa na virusi hivyo ni popo wa matunda anayeishi mapangoni na kwenye mashimo ya migodi. Anayelala chini ya bati lako anakula wadudu, ni mwingine kabisa. Naye yule anayekuja usiku kula mabibo na kukuangushia korosho uani ni mwingine tena, analala mtini. Hata hivyo usimshike yeyote kwa mkono mtupu. Mwaka 2007 mtalii kutoka Uholanzi alikwaruzwa na popo Kenya, akafa kwa virusi vya jamii ya kichaa cha mbwa. Aliyeng'atwa au kukwaruzwa aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje homa.

Yapo yanayonitatiza. Kalenda yangu ya Juni si ukuta. Hawa wenye mkia wanaweza kuzaa zaidi ya mara moja kwa mwaka, na Julai moja nilikuta watoto wanne kwenye dari niliyokwisha kuiwekea wavu. Niliufungua usiku uleule, nikarudi Agosti. Tangu hapo nakagua ndani kabla ya wavu, usiku, wakubwa wakiwa wametoka. Jambo la pili ni jirani. Kundi nililolitoa kwako halipotei duniani, na mara nyingi wiki iliyofuata nimepigiwa simu na nyumba ya tatu. Nimetundika masanduku ya mbao yawe makao yao mapya, mara mbili. Hakuna aliyeingia. Kwa hiyo sasa nawaambia majirani mapema waangalie kofia zao za bati kabla sijaanza.

Mama wa Chuno alikasirika nilipomwambia Juni. Nilikwenda hata hivyo. Nikaziba kwa silikoni matundu ya taa na mwanya wa kifuniko cha dari upande wa vyumbani, nikatandika turubai juu ya chumba cha watoto, nikamwonyesha tundu la kutokea, kona ya kaskazini. Sasa kila jioni anakaa uani na wajukuu wanahesabu, ananitumia namba. Jana walitoka 212. Nikiona namba imepanda ghafla Machi, nitajua watoto wameanza kuruka.