Je, wajua? Kura 22 za kitongoji kimoja zilivyoipa British Columbia serikali

Usiku wa tarehe 19 Oktoba 2024, mgombea wa chama cha Conservative katika jimbo la Surrey-Guildford, Honveer Singh Randhawa, alikuwa mbele kwa kura 103. Siku 9 baadaye alikuwa nyuma kwa kura 27. Hapa kwetu habari ya namna hiyo ingetosha kuwasha moto mitandaoni. Basi kura zile zilitoka wapi?

Kwanza tuelewane kwa maneno. British Columbia ni mkoa wa magharibi kabisa mwa Kanada, wenye bunge lake na waziri mkuu wake. Majimbo ninayoyataja ni ya bunge hilo la mkoa. Surrey iko ng'ambo ya mto Fraser ukitoka Vancouver. Inaitwa kitongoji, ila sensa ya 2021 ilikuta humo watu zaidi ya 568,000. Mbunge hupatikana kama Kenya na Tanzania: mwenye kura nyingi ndiye mshindi, hata asipofikisha nusu.

Jimbo la Surrey-Guildford lilipigiwa kura mara ya kwanza 2017. Garry Begg wa NDP, chama cha mrengo wa kushoto, naye ni polisi mstaafu, alimshinda Amrik Virk wa chama cha Liberal, aliyekuwa mbunge wa Surrey-Tynehead. 2020 akarudi bila jasho. Mambo yaligeuka 2024. Liberal walikuwa wamebadili jina na kuitwa BC United, na mwishoni mwa Agosti wakasimamisha kampeni, ikabaki wiki chache tu kabla ya uchaguzi. Kura za upande wa kulia zikamiminika kwa Conservative.

Siri ya zile kura 103 iko kwenye mpangilio wa kuhesabu. Usiku wa uchaguzi huhesabiwa kura za vituoni, pamoja na za posta zilizofika mapema na kukaguliwa. Za posta zilizofika siku za mwisho, hadi saa 2 usiku wa siku ya kura, husubiri hesabu ya mwisho. Kisa cha kusubiri ni bahasha. Karatasi ya kura hukaa ndani ya bahasha isiyo na jina, nayo huingizwa katika bahasha ya nje yenye jina, tarehe ya kuzaliwa na sahihi. Karani hulinganisha maelezo hayo na daftari, huhakikisha mtu huyo hajapiga kura kwingine, ndipo bahasha mbili hutenganishwa. Ni kazi ya mikono, na haikimbiliki. Kura za waliopigia mbali na jimbo lao, ambazo hazikupita kwenye mashine, nazo hungoja.

Zilipofunguliwa za posta, uongozi wa Randhawa ulishuka kutoka 103 hadi 12. Zilipofuata za waliopigia mbali, Begg akapita. Hakuna kura iliyozaliwa usiku wa manane: wapiga kura wa posta waliegemea NDP kuliko wale wa foleni, na zamu yao ya kuhesabiwa ilikuwa ya mwisho.

Ikiwa tofauti ni chini ya sehemu moja ya 500 ya kura zote, kura hupelekwa kuhesabiwa upya mbele ya jaji. Kwa jimbo lenye kura 18,000, hiyo ni chini ya 36. Hapo ndipo karatasi zenye utata hutazamwa moja moja: alama iliyotoka nje ya duara hukubalika kama nia ya mpiga kura inaonekana, lakini karatasi yenye alama ya kumtambulisha mtu hutupwa. Tarehe 8 Novemba, 27 ikawa 22. Begg ameshinda.

Makosa yalikuwepo, tusifichane. Kura 14 za Guildford hazikuwa zimeingizwa kwenye matokeo, na huko jimbo la Prince George-Mackenzie sanduku zima lenye kura 861 lilisahaulika bila kuhesabiwa. Mshindi hakubadilika popote, lakini wasimamizi waliaibika, na kwa haki.

Kiti hicho kimoja kilikuwa na uzito gani? Matokeo ya usiku ule yalionyesha NDP 46, Conservative 45, Green 2. Guildford ilipogeuka ikawa 47 dhidi ya 44 na 2, katika bunge la viti 93, yaani NDP ikavuka nusu. Mtoe Spika, Raj Chouhan wa NDP, ambaye hapigi kura isipokuwa zikilingana, na unabaki na 46 kwa 46. Mei 2025, muswada namba 15 wa miradi ya miundombinu ulifika hatua ya mwisho, kura zikawa 46 kwa 46, na Chouhan akaupitisha.